Mayai ya Alama ya Mkaa

Yai la kwanza maishani mwangu nililila nikiwa mke wa mtu, mama wa mtoto mmoja, na mfanyakazi wa banda la kuku. Nilikuwa nimeshaokota mayai mengi kuliko mahindi niliyowahi kupukuchua, lakini kinywani mwangu halikuwahi kupita hata moja. Ninyi vijana mnaokuja hapa kwangu Nyasubi, mjini Kahama, na trei zenu kwenye bodaboda, mnacheka nikisema hivyo. Kwetu Usukumani enzi zile mwanamke kula yai lilikuwa jambo la aibu. Wengine walisema utazaa mtoto asiye na nywele, wengine walisema hutazaa kabisa. Hakuna aliyejaribu ili tujue.

Nawaeleza haya kwa sababu juma lililopita mmoja wenu, nisimtaje, aliniambia kwamba kuku wake anawawekea antibiotiki kwenye maji kila siku, wawe wazima wawe wagonjwa, na mayai anayauza asubuhi ileile. Aliniambia akitabasamu, kama mtu anayetaka asifiwe. Sikumgombeza. Nilimkumbuka mwanamke mmoja aliyekuwa akiitwa Mama Hadija, na tangu siku hiyo hanitoki moyoni.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Mume wangu aliingia shimoni, mimi nikapata kazi kwenye mabanda ya kuku yaliyolisha jiko la mgodi na wagonjwa wa hospitali. Mayai yenye nyufa na yale madogo yaliuzwa kwa wachuuzi. Mama Hadija alikuwa mchuuzi wa mayai. Alikuwa mtu wa Ujiji, mjane, Mwislamu wa kuswali kila kipindi, mrefu, mwenye sauti iliyofika mahali kabla yake. Aliyachemsha mayai, akayauza kwa wachimbaji pamoja na chumvi na pilipili ya kusaga. Kambini kulikuwa na watu wa kila kabila, na kila mmoja alimtania kwa lugha yake. Kwa Kisukuma alijua "mwangaluka" ya salamu ya asubuhi na "wabeja" ya kushukuru tu, lakini alivyokuwa akiyatamka utadhani amezaliwa Kwimba.

Aliyenifundisha kazi yenyewe alikuwa Bwana Elias, msaidizi wa daktari wa mifugo. Mtu wa maneno machache na suruali ya kaptula iliyopigwa pasi ikasimama. Alinifundisha kuchukua maranda ya bandani na kuyafumba kiganjani: yakishikamana kama ugali, banda lina unyevu na kuku watahara damu, yakimwagika, uko salama. Alinifundisha kusimama nje ya banda alfajiri kabla ya kufungua mlango, nisikilize. Kuku wazima wananong'ona. Wenye mafua wanakoroma. Kuku wenye shingo iliyopinda na kinyesi cha kijani, hao wana kideri, na kideri hakina dawa. Kina chanjo tu, na chanjo hutangulia ugonjwa. Jambo hilo alilirudia mpaka nikawa naliota.

Wiki zangu za mwanzo nilitaka kuonekana msafi. Nikaosha mayai yote ya siku kwa maji baridi, yakang'aa, nikayapeleka jikoni kifua mbele. Baada ya siku chache mpishi alikuja bandani akiwa amejifunga kitambaa puani. Alikuwa amepasua yai moja mbele ya wageni wa mgodi, na wageni walikuwa wamehamia barazani. Bwana Elias hakucheka. Alinieleza tu kwamba ganda la yai linapumua, na ukiliosha kwa maji baridi linavuta uchafu ndani. "Lifute kwa kitambaa kikavu," akasema, "kisha ukaombe radhi kwa mpishi, na usisimame karibu naye." Mpishi alinisamehe baada ya Mama Hadija kwenda kuzungumza naye. Hivyo ndivyo tulivyofahamiana.

Sasa nirudi kwenye yai langu la kwanza. Mwanangu Maria alianza kuvimba miguu. Nywele zake zikawa nyepesi, rangi ya mhindi uliokauka, na akawa analia bila nguvu. Mkunga wa zahanati ya mgodi akaniambia mpe maharage, mpe maziwa, mpe yai. Maziwa hatukuwa nayo. Mayai nilikuwa nayashika mchana kutwa. Lakini mama mkwe alikuwa ametoka kijijini kuja kukaa nasi, na alisema: "Huyu ni mtoto wa kike. Ukimpa yai umemharibia maisha."

Nilimwambia Mama Hadija, nikilia. Kesho yake akaja nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Hakutaja yai. Aliketi kwenye mkeka, akavuta ungo wa maharage akaanza kuchambua pamoja na mama mkwe. Wakaongea, mimi nikiwatafsiria, habari za mvua, za pamba, za miguu kuuma. Halafu akauliza taratibu, "Mama, Mungu alikujalia watoto wangapi?"

Mama mkwe akawataja mmoja mmoja, walio hai na waliotangulia. Waliotangulia walikuwa wengi zaidi. Alipomaliza, Mama Hadija akauliza, "Hao waliokwenda wadogo, walikula mayai?"

"Hawakula."

Mikono yao iliendelea kuchambua. Mwishowe mama mkwe akanitazama mimi, siyo Mama Hadija. "Mpe," akasema. "Ila aanze mama yake kula, nimwone kama atakufa."

Basi nikala mbele yao, nimefumba macho. Nilikuwa nasubiri nywele zidondoke. Mama Hadija akaniuliza lina ladha gani, nikasema sijui, akasema kula la pili utajua. Maria naye akala, akala tena kesho yake na siku zilizofuata. Uvimbe ulipoisha na mtoto akaanza kugombana na wenzake kama zamani, mama mkwe alitembea kambi nzima amembeba mgongoni ili watu wamwone.

Hapo ndipo mimi na Mama Hadija tulipoanza kazi ambayo hakuna aliyetutuma. Siku za kliniki tulikaa kwenye baraza ya zahanati tukiwaeleza akina mama wawape watoto mayai. Yeye alisema, mimi nilitafsiri kwa Kisukuma. Wengine walitutemea mate pembeni, wengine wakarudi nyumbani wakajaribu kimyakimya. Mama mmoja mkaidi sana, Mama Shija, alitubishia wiki baada ya wiki, hadi siku moja tukasikia kwamba mwanawe anakula. Sidhani kama nimewahi kuwa na furaha kama ya miezi ile. Tulirudi nyumbani kwa miguu, jua linazama nyuma ya vifusi vya mgodi, yeye akiimba kaswida na mimi wimbo wa kanisani, kila mtu na wake, na hatukugombana.

Kisha ikaja dawa ya njano.

Kuku wa banda moja waliugua homa ya matumbo, wakawa wanahara rangi ya njano na kufa wakiwa wamesinzia. Bwana Elias akaletewa dawa mpya, unga wa njano wa kuchanganya na maji. Ninyi mnaziita antibiotiki, sisi tuliita dawa ya njano tu. Kuku waliokuwa wamelala wakasimama. Ile ilikuwa kama muujiza, na nawaambieni ukweli, nililia. Lakini jioni yake Bwana Elias alituita mimi na Mama Hadija kando.

"Mayai ya banda lile yasiliwe," akasema. "Dawa anayokunywa kuku inaingia kwenye yai. Tutasubiri mpaka tumalize kuwatibu, na zipite siku zilizoandikwa kwenye mkebe. Halafu yataliwa."

"Na msimamizi wa mabanda anasemaje?" nikauliza.

"Msimamizi anasema yasipelekwe jikoni. Wachuuzi wapewe kwa bei ya kutupa."

Mama Hadija akakunja uso. "Wachuuzi ni mimi."

Nikachukua kipande cha mkaa, nikawa natia msalaba kwenye kila yai lililotoka banda lile, yasije yakachanganyika. Lakini tatizo kubwa halikuwa mayai. Tatizo lilikuwa baraza ya zahanati. Akina mama wale tulikuwa tumewatoa mbali. Tukisimama leo tuseme yapo mayai yasiyofaa, bibi zao watasema nini? Nilimwomba Mama Hadija tunyamaze. Banda ni moja, nikamwambia, kuku watapona, mambo yataisha, hakuna atakayejua.

"Wewe ungependa ufichwe?" akaniuliza.

"Ningependa Maria aendelee kula."

"Na mimi napenda aendelee. Lakini Mama Shija akija kujua mwenyewe kwamba tulijua tukanyamaza, hatatuamini kwa yai wala kwa maji ya kunywa. Tutasema, na tutasema wenyewe."

Tukasema. Mama Shija akasimama na mwanawe kiunoni.

"Jana mlisema yai ni nguvu," akasema kwa Kisukuma, na mimi nikalazimika kumtafsiria Mama Hadija maneno yanayotuchoma. "Leo mnasema lina dawa. Kesho mtasema lina sumu. Watoto wetu ni wa kujaribia?"

Akaondoka, na wengi wakaondoka naye. Wiki iliyofuata baraza ilikuwa tupu upande wetu. Mkunga alituonea huruma, akatuletea uji. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kunishangaza. Nilitegemea aseme, "Niliwaambia," lakini aliendelea kumpa Maria yai kutoka kwa matetea wetu wa uani, ambao walikunywa maji ya mtungi tu.

Siku ya kliniki iliyofuata Mama Hadija alikuja na kikapu kizima cha mayai ya msalaba. Alikuwa ameyachukua kwa msimamizi kama mchuuzi yeyote. Akachimba shimo kwa jembe pembeni ya njia ambayo kila mama lazima apite kwenda kupima mtoto. Halafu akaanza kuyapasua ndani ya shimo, moja moja, bila hotuba. Wanawake wakapunguza mwendo. Mmoja akauliza kwa nini anaharibu chakula.

"Haya ni ya kuku walio kwenye dawa," akajibu. "Mnaona alama ya mkaa? Yenye alama nafukia. Yasiyo na alama nawauzia na mimi nakula."

Akafukia, akanawa mikono, akakaa. Mama Shija alikuwa amesimama mbali akitazama mpaka mwisho. Hakuja siku ile. Alikuja siku nyingine akiwa na yai limefungwa kwenye pindo la kanga, akaniambia kwa sauti ya chini: "Mume wangu alileta ule unga kutoka mgodini, akawapa kuku wetu. Hili ni la leo asubuhi. Nifanye nini?"

Nadhani swali lile ndilo lililonifanya niishike kazi hii maisha yangu yote.

Maana unga ulikuwa umeshatoka. Wachimbaji waliubeba wakienda likizo makwao, maduka ya njiani yakaupata, na watu wakawa wanautia kwenye maji ya kuku kwa kila kitu: mafua, viroboto, kutotaga, hata kideri. Kule mgodini nako msimamizi, alipoona kuku wametaga vizuri, akaamuru uwekwe mabanda yote, kila siku. Bwana Elias alimpinga. Alimwambia vijidudu vikikutana na dawa kila siku vinaizoea, na siku ugonjwa ukirudi kwa kweli, utaiweka dawa na haitafanya kitu. Msimamizi akasema maneno ya siku za mbele yatajibiwa siku za mbele. Mama Hadija akaacha kununua mayai ya mgodi. Ilimlazimu ayatafute vijijini kwa baiskeli ya kukodi, na siku zangu za mapumziko nilikwenda naye.

Tulifika mpaka Buseresere, wakati ule maduka yakiwa machache na vumbi jingi. Sokoni kulikuwa na mzee mmoja mwenye kofia ya majani, na mayai yake yalikuwa makubwa na safi. Mama Hadija akamuuliza kama kuku wake wako kwenye dawa.

"Wako," akasema mzee kwa fahari. "Ya njano. Kila siku."

"Basi siwezi kununua, baba yangu."

"Kwa nini? Dawa ni ya kuku, si ya mtu. Kuku akinywa, inaishia kwenye kuku."

Watu wakaanza kusogea. Mama Hadija alipenda watu wanaposogea.

"Baba, umewahi kuwalisha kuku dagaa wengi?"

"Nimewahi."

"Yai likanukaje?"

Mzee akasita. "Likanuka dagaa."

"Na mashudu ya pamba ukizidisha?"

Mtu mwingine akadakia kutoka nyuma: "Kiini kinakuwa kibaya, kama tope la mbugani."

"Basi dagaa walipita," akasema Mama Hadija. "Mashudu yalipita. Hiyo dawa nani aliyeizuia mlangoni?"

Soko likacheka, na mzee naye akacheka, ingawa mwisho. Kisha akauliza swali la maana, kwamba akiacha dawa na kuku wakaugua afanye nini. Hapo Mama Hadija akanisukuma mbele. Nikawaeleza kile Bwana Elias alichonifundisha: maranda makavu, maji safi kila asubuhi, kuku mgeni asichanganywe na wenyeji mpaka aonekane mzima, chanjo ya kideri kabla hakijaja. Dawa ni ya mgonjwa, na aitoe anayejua ugonjwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema mbele ya wanaume. Mama Hadija alisimama nyuma yangu ameshika kikapu na kila nilipotaka kukatisha, alinigusa mgongoni kwa kidole.

Ugonjwa ulirudi mgodini baada ya masika. Homa ileile, kinyesi kilekile. Bwana Elias akachanganya unga, akaongeza, akabadilisha maji. Kuku wakaendelea kusinzia na kufa. Nilikuwa nawajua kuku wale. Nilijua nani anataga wapi na nani anamnyanyasa nani. Tuliwaondoa kwa toroli asubuhi baada ya asubuhi, na waliobaki wakachinjwa na kuchomwa wote, maana aliyepona alibaki na ugonjwa tumboni. Moshi ulikaa kambini siku kadhaa. Msimamizi alikuja kusimama karibu na Bwana Elias wakitazama moto. Mabanda yakafungwa, mimi nikakosa kazi, na Bwana Elias akahamishiwa mbali.

Lakini kuku wa uani wa akina mama wa zahanati wengi wao waliishi. Walikuwa wachache, walikaa mbalimbali, na hawakuwa wamezoezwa dawa. Watoto waliendelea kula. Siku moja nilimkuta mama mkwe jikoni peke yake, anamenya yai la kuchemsha. Hakunitazama. "Nataka kujua tu," akasema, "mnachokisifia ni kitu gani."

Miaka mingi baadaye nilipata mafunzo, nikawa nikizunguka Kahama na Shinyanga kuwafundisha wanawake ufugaji. Nimeona dawa nyingi zikija na majina mapya, na mimi nauliza yaleyale: mgonjwa ni nani, nani amempima, na siku za kusubiri zimepita? Wewe uliyetabasamu juma lililopita, umwite daktari wa mifugo aangalie kuku wako. Mayai ya siku za dawa usimuuzie mtu, hata kama hakuulizi. Usimngoje akuulize. Kila nilipotakiwa kuwaambia watu jambo wasilotaka kusikia, nilijiuliza Mama Hadija angeanzia wapi, nikatamani aketi hapo mkekani, avute ungo, aniambie. Nilimtumia salamu kwa madereva wa malori na kwa watu wa reli. Mara mbili zilirudi na majibu yake. Baadaye hazikurudi tena, na nilipofika Ujiji mwenyewe, nimeshazeeka, mtaa aliokuwa akiutaja ulikuwa na watu wengine, na hakuna aliyemkumbuka. Niliranda pale mchana kutwa nikisikiliza sauti za wanawake wanaouza vitu.

Aliondoka mwaka uleule mabanda yalipofungwa. Mama yake alikuwa anaumwa, na binti yake Hadija alikuwa huko peke yake na bibi. Nilimsindikiza kwa lori hadi stesheni ya Shinyanga. Stesheni akanishika mikono yote miwili.

"Utaendelea?" akaniuliza.

"Mimi siwezi kusema kama wewe."

"Usiseme kama mimi. Wewe wanakuelewa bila mkalimani."

Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia. Nilitaka kumwambia kwamba kabla yake nilikuwa mtu wa kuinama, na kwamba Maria ni wake pia. Lakini watu walisukumana, yeye akapanda, akapata nafasi dirishani, nami nikasimama chini ya dirisha nikingoja atulie nimwambie. Akaketi, akafunga vizuri mtandio, akamsalimia mwanamke wa kiti cha mbele aliyekuwa amepakata kapu lenye kuku wawili wamefungwa miguu. Nikamsikia anamuuliza hao wa kufuga au wa kitoweo. Wa kufuga, akasema yule mwanamke. Wamechanjwa? Hawajachanjwa. Hapo Mama Hadija akainama mbele, mkono mmoja umeinuka kama alivyofanya sokoni, na watu wa viti vya jirani wakaanza kugeuza vichwa.

Treni ikaanza kuondoka. Hakuniona nikipunga mkono. Sauti yake niliisikia mpaka behewa lake lilipopita mwisho wa jukwaa, anasema jambo juu ya maji safi, na mtu ndani anacheka.